Naomba ushauri: mdiria wote wametoka ukungu

Wakuu, habari za leo. Jumamosi nilikuwa Ziwa Duluti, pale Tengeru, Arusha, napiga picha za ndege kuanzia saa nane mchana hadi jua linakaribia kuzama. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya milimita 300. Stendi sina.

Mnandi hawakunisumbua. Wanatua kwenye gogo lililolala majini, wanatandaza mbawa kuzianika kama kanga kwenye kamba, unapiga picha mpaka unachoka wewe. Shida ni mdiria, yule mweusi na mweupe. Anasimama hewani juu ya maji, kichwa kimetulia tuli huku mbawa zikipiga kwa kasi, halafu anajitosa kama jiwe. Kati ya picha zaidi ya mia mbili, nyingi nimeambulia matone ya maji na mkia. Chache nilizomnasa hewani, mbawa zimekuwa moshi na jicho halionekani. Spidi ya shata niliweka 1/500 ya sekunde.

Yangeyange naye ametoka mweupe pee, hata unyoya mmoja hauonekani, utadhani mfuko wa plastiki. Nyuma yake kulikuwa na msitu wenye kivuli, nahisi lile giza ndilo lililoidanganya kamera.

Sasa, kwa mdiria nipandishe spidi mpaka ngapi? Na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikipanda, si picha itajaa chenga tupu? Kwa yangeyange nipunguze mwanga kiasi gani? Au nirudi asubuhi? Tafadhali msiniambie ninunue lenzi ya 600, hela hiyo sina.