Naomba ushauri: namna ya kuwafundisha wahudumu kuzungumza na wazazi kuhusu chanjo ya HPV

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa zahanati mkoani Tanga, upande wa Pangani. Nimepewa jukumu la kuwaelekeza wenzangu kuhusu chanjo ya HPV, na nimekwama.

Elimu ya msingi wanayo. Wanajua inakinga saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Shida ni mazungumzo. Mama akiuliza, "Hii haitamfunga kizazi mwanangu?" mhudumu anababaika, au anajibu kwa mkato kama kaudhiwa. Mzazi anaondoka na hofu yake, na jioni mtaa mzima umeshasikia. Inaniumiza, maana hapa nchini hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii.

Kuwasomea mwongozo hakukusaidia. Igizo, mmoja mzazi na mwingine mhudumu, liliwachangamsha kweli, ila wakirudi kwenye foleni ya kliniki wanajibu kama zamani.

Mlioendesha mafunzo kazini, mliwafuatiliaje wahudumu baadaye bila wao kujiona wanachunguzwa? Na hofu ya ugumba mnaijibu kwa maneno gani mafupi, yatakayomwingia hata bibi? Huku kwetu mara nyingi bibi ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya mjukuu.

Natanguliza shukrani.