Mtoto wa Mombasa akiandika "mato", akatwe alama? Tujadili

Nawauliza walimu wenzangu na wazazi: mtoto wa Mombasa akiandika katika insha "alifuta matozi akashika ndia" (yaani machozi na njia), tumpigie duara jekundu, tuandike "hijai" pembeni, tukate alama? Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyofanya. Mimi napinga, tena kwa nguvu zangu zote.

Kosa la hijai ni pale mtoto anapoandika "machzoi". Aliyeandika matozi hakukosea herufi hata moja. Ameandika vile nyanyake anavyosema kule Kuze, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, na nyanya huyo ana kanuni zake. Penye ch ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina t katika maneno mengi ya asili: macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele, cheka ni teka. Penye nj kina nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa. Mtoto wa miaka minane anazifuata kanuni hizi bila kufunzwa na mtu.

Nani basi aliyeamua kwamba macho ndiyo sahihi? Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake iliyotoka 1882 imeegemea Kimvita. Askofu Steere, aliyekuwa Unguja, akashika Kiunguja. Wamisheni wakavutana kwa miaka mingi. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Ilitakiwa lahaja moja ya kuchapia vitabu, na Kiunguja kilikuwa kimeshaenea bara pamoja na misafara ya biashara. Sababu hizo ni za maana kabisa, lakini ni za utawala na uchapishaji. Hakuna aliyethibitisha kwamba Kimvita ni Kiswahili kilichoharibika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba shule yenyewe inajipinga. Karatasi ya Pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, ina sehemu ya isimujamii, alama 10, ambamo mwanafunzi hueleza jinsi watu wanavyobadili lugha kulingana na mahali na wanayesema naye. Kwenye ushairi tunamsifia Muyaka, aliyetunga kwa Kimvita. Abdilatif Abdalla aliandika kwa lahaja hiyo hiyo mashairi yake ya gerezani, yakachapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mshairi anatuzwa, mtoto wa mtaa wake anakatwa alama.

Kesi kama hii iliwahi kufika mahakamani. Ann Arbor, Marekani, mwaka 1979, wazazi wa watoto Weusi walilalamika kwamba lugha ya nyumbani kwao ilichukuliwa shuleni kuwa upungufu wa akili. Mwanaisimu William Labov alitoa ushahidi kwamba lugha hiyo ina sarufi yake. Jaji Charles Joiner akaamuru walimu wafunzwe kuitambua, ili wawafundishe watoto kusoma Kiingereza sanifu vizuri zaidi. Hakuna aliyeagiza Kiingereza sanifu kitupwe.

Mwalimu, Machakos:
Ndugu yangu, nakusoma kwa heshima, lakini haki iko wapi hapo? Wanafunzi wangu wanaongea Kikamba nyumbani. Kiswahili wanakisomea kwa jasho. Wakiandika "vitu ingine" nawakosoa, nao wanajirekebisha. Wa pwani aliyezaliwa ndani ya lugha hii ndiye umtakie msamaha? Na ukifungulia Kimvita mlango, kesho nitaletewa insha ya Sheng, lugha ya vijana wa mjini, na mwenye kuileta atasema nayo ina kanuni.

Mzazi, Pemba:
Huku Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) limechapisha kamusi za lahaja za Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi, na tunashukuru. Ila usiwatupie walimu lawama yote. Sisi wazazi ndio tunaowakataza watoto. Tunaogopa wakifika mjini watachekwa.

Mleta mada:
Mzazi wa Pemba, umegusa penyewe. Mtoto akiona mama yake anaionea haya lugha ya nyumbani, kalamu nyekundu imekuta kazi imekwisha. Lakini mama huyo hofu aliipata wapi, kama si darasani?

Ndugu wa Machakos, kuhusu mtihani wa mwisho tuko pamoja: kipimo kiwe kimoja, na kiwe Kiswahili sanifu. Mimi nazungumzia mtoto wa gredi ya nne anayejifunza. Ninavyosahihisha, napiga mstari chini ya mato, naandika macho pembeni, alama siikati. Katika mazungumzo ya wahusika namwachia aandike mato. Muhula wa tatu namwagiza aandike insha nzima kwa usanifu, naye anaweza, kwa sababu amejua anavuka kutoka wapi kwenda wapi. Hata "vitu ingine" ina sababu zake, nawe ukizijua utamfundisha mwanafunzi wako haraka zaidi.

Kuhusu Sheng, ndiyo, ina kanuni. Ila kijana wa Eastlands, Nairobi, anaitumia kutambuana na wenzake, na anajua fika kwamba haiandikiwi insha. Mtoto wa Kuze hajawahi kuambiwa kwamba ana lugha mbili mkononi. Na tusidhani alama zitaifuta lahaja. Labov huyo huyo alikwenda kisiwa cha Martha's Vineyard mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wageni wa kiangazi walikuwa wakikivamia. Alikuta vijana waliokusudia kubaki wanakaza matamshi ya kisiwani kuliko waliotaka kuhama. Watu wetu wa Mji wa Kale nao wanaipenda kwao.

Basi nijibu hili, mwalimu: mwongozo wa kusahihisha insha za darasani ukitenga safu ya lahaja kando ya safu ya hijai, isiyokatwa alama, wanafunzi wako wa Machakos watapoteza nini?