Punda mdogo kachanwa na waya mguu wa nyuma, sasa nyama inaota juu ya kidonda. Nimtunzeje?

Binti_Igunga:

Habarini ndugu zangu, wazee shikamooni. Niko Igunga upande wa kuelekea mbuga ya Wembere. Nyumbani tuna punda jike na mtoto wake wa kike, tunamwita Sikujua, hajafikisha miaka miwili. Huyu mtoto aliingia kwenye uzio wa waya wa bustani akanasa mguu wa nyuma wa kushoto, akawa anauvuta kwa nguvu mpaka waya ukamchana ngozi kwa mbele, kati ya kwato na kile kifundo cha juu, mfupa ukawa unaonekana. Bwana mifugo alikuja siku ileile akaosha, akampiga sindano ya antibiotiki na ya pepopunda, akasema hapashoneki maana ngozi imeondoka, tuoshe na kufunga tu kitapona taratibu.

Kweli uvimbe umepungua na anaukanyaga mguu. Shida sasa kuna nyama nyekundu imeota imepita usawa wa ngozi kama uyoga, ukiigusa kidogo tu damu. Jirani ananiambia nipake mrututu iungue, mwingine anasema chuma cha moto. Halafu bandeji anaing'ata. Na baba anauliza lini ataanza kwenda na mama yake kisimani maana anaona kama kashapona. Nikitafuta mtandaoni napata mambo ya farasi tu, sijui kama ni yaleyale. Naombeni msaada, huyu mnyama nampenda sana na amevumilia mno.

Mzee_wa_Bukene:

Marahaba mwanangu, pole na pole kwa Sikujua. Chuma cha moto usikubali hata kidogo, hiyo ni kumuongezea kidonda juu ya kidonda, na punda ukishamuumiza hivo hakusahau, kesho ukitaka kumfunga bandeji anakupiga teke na wala humlaumu. Mrututu nao sisi tuliutumia sana zamani, unaunguza ile nyama kweli lakini unaunguza na ile ngozi changa ya pembeni inayojitahidi kuja katikati, kwahiyo kidonda kinabaki palepale miezi. Hata oili chafu ya gari watu wanapaka, achana nayo.

Mimi nakuuliza kitu kimoja, huyo mtoto analala wapi na analala na nani? Maana watu wakisikia apumzike wanamfungia peke yake bandani mama anapelekwa kazini, basi mtoto anaita siku nzima, anazunguka, hali. Punda akitenganishwa na mwenzie anaumwa kwa huzuni nakwambia. Mama akienda kisimani mwekee hata mbuzi aliowazoea. Na sakafu iwe kavu, huko kwenu udongo mweusi mvua ikinyesha ni tope tupu, mwagia mchanga halafu tandika majani ya mpunga, kwato zikikaa kwenye maji na mkojo zinaoza utakuwa na magonjwa mawili.

Mtaalamu_mifugo_Nzega:

Dada Binti hongera kwa kumuita mtu siku ileile, na sindano ya pepopunda ndo imekuokoa maana jamii ya punda na farasi hawauwezi kabisa ugonjwa huo. Mzee hapo juu kasema kweli tupu, mi naongezea ya kitaalamu.

Hiyo nyama inayoota ni kawaida sana kwa vidonda vya chini ya mguu, huku chini nyama za kukizibia hamna, ngozi imebana kwenye mfupa na mguu unatembea muda wote, kwahiyo mwili unajaza shimo kwa nyama changa na wakati mwingine unapitiliza. Ikiwa imepita usawa wa ngozi, ngozi haiwezi kupanda mlima huo, ndo maana kidonda hakifungi. Dawa yake ni daktari wa mifugo aikate ilingane na ngozi, usiogope, nyama hiyo haina mishipa ya fahamu haimuumi kama unavyodhani, ila ina damu nyingi ndo maana usijaribu mwenyewe na wembe. Akishakata anafunga bandeji ya kubana kiasi, na inaweza kurudi ikakatwa tena.

Kuosha tumia maji yaliyochemka yakapoa, lita moja weka vijiko viwili vya chai vya chumvi, visijae kilima, vifute juu viwe sawa, mwagia taratibu basi. Spiriti usimwagie ndani ya kidonda, zinaua na nyama nzuri. Bandeji ianze na kitambaa safi juu ya kidonda, halafu pamba nene kuzunguka mguu wote (watu wanabania pamba wakiona ghali, wanafunga bandeji moja kwa moja kwenye mguu mwembamba, inakata damu), ndo unazungushia bandeji kwa mkazo ule ule kutoka chini kwenda juu, kidole kiweze kupenya kule juu. Anayeing'ata usimchape, fungua uangalie kwanza, mara nyingi imembana au imelowa. Badilisha kila baada ya siku mbili tatu, ikilowa ni hapohapo. Kama kidonda kinakaribia kufunga halafu panabaki katundu kanatoa usaha, kanafunga kanafunguka, mwambie daktari haraka, kwasababu mfupa ulikuwa wazi na kipande cha mfupa kilichokufa kikibaki ndani hakuna dawa ya kupaka itakayoponya mpaka kitolewe.

Sasa hilo la farasi. Kuosha na kufunga ni yaleyale, ila maumivu sio. Farasi akiumia utamuona anachechemea anatoka jasho, punda anasimama kimya tu. Kwahiyo baba asipime kupona kwa kuangalia kama anatembea. Angalia masikio yameinama? Anapumzisha mguu uleule kila ukimkuta? Anaweza hata kusimama kwenye majani akawa anatafuna tu hamezi kitu, we angalia kinyesi kama kimepungua na majani kama yamepungua kweli. Punda akikaa siku nzima hali chochote hiyo ni dharura kuliko hata kidonda, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake mpaka yanajaa kwenye damu na ini, wengi wanakufa kwa hilo huku watu wanaangalia mguu. Mpe majani makavu mazuri, mabua yasiyo na ukungu, akizira mbembeleze na marando ya viazi. Pumba nyingi usimpe eti apate nguvu, amesimama tu hafanyi kazi, kwato zitapata moto kwa ndani zimuume. Kipimajoto ukipata pima kila asubuhi, punda mzima anakuwa karibu na 37, mdogo anapanda kidogo, ukikuta 39 na kuendelea piga simu.

Na dawa za maumivu za binadamu usimpe, wala usikopi dozi ya farasi mtandaoni, mwili wa punda baadhi ya dawa unazitumia haraka tofauti na farasi, mwachie daktari apange.

Mchuuzi_wa_mpunga:

Poleni dada. Mi nasema kwa nia njema kabisa, mguu wa mnyama wa kazi ukishaharibika gharama zinazidi faida, bandeji, pamba, nauli ya daktari, na bado haijulikani kama atabeba. Bora auzwe mapema mnunue mwingine mzima, maisha ya kijijini magumu.

Mama_Punda_Nzega:

Kaka yangu naelewa hesabu yako, ila punda mgonjwa ukimpeleka mnadani nani ananunua? Wanaokimbilia punda wenye vidonda ni wa ngozi, na sote tunajua punda walivyoadimika huku kwetu kwa ajili ya hiyo biashara ya ngozi kupelekwa China. Mpaka wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika Februari 2024 wakapitisha punda wasichinjwe kwa ajili ya ngozi bara zima kwa miaka 15. Na huyo ni jike jamani, hata kama mguu utabaki na kovu kubwa asibebe mizigo mizito, atazaa. Punda anaishi miaka mingi, huyu hata miwili hana, hapo hasara iko wapi?

Binti mwambie baba hivi, hata asingeumia, huyo mtoto hakutakiwa kubeba kitu bado. Mifupa inakua. Tunaanza kuwazoesha mizigo midogo wakifika miaka mitatu hivi, tela la maji wakiwa na minne. Nawaona watoto wa punda wanapandishiwa madumu manne ya lita 20, kilo 80 hizo, hata mama yake mbili tu zinamtosha. Kwahiyo hakuna cha kuwahi kabisa, hana kazi anayochelewa.

Binti_Igunga:

Jamani Mungu awabariki, nimesoma yote nikamsomea na baba, kakubali asiende kisimani. Daktari nimempigia anakuja Jumamosi kuikata. Mwalimu mmoja kaniambia nipake asali, tunayo asali ya nyuki nzuri sana kutoka Sikonge, ni kweli inafaa au ndo yaleyale ya mrututu? Na mazoezi aanze lini?

Mtaalamu_mifugo_Nzega:

Asali inafaa dada, hata madaktari wa farasi ulaya wanaitumia kwenye vidonda vya miguu, inazuia vijidudu na haiunguzi nyama. Ila wao wanatumia iliyosafishwa maalumu kwa vidonda, wewe tafuta iliyochujwa vizuri isiyochanganywa na sukari na isiyo na vipande vya masega, na muulize daktari Jumamosi kama apake hapohapo baada ya kukata au asubiri damu ikauke. Paka kwenye kitambaa, weka juu ya kidonda, ufunge bandeji juu yake. Usiache wazi hata dakika, sisimizi na nzi watamshambulia, na nzi akitaga mayai kwenye kidonda tunaanza upya na funza.

Mazoezi akishakatwa mwache atulie kwanza. Daktari akiruhusu mtoe kwa kamba asubuhi kukiwa na ubaridi, ardhi ngumu na tambarare, dakika tano kumi mnatembea polepole na mama yake mbele maana atamfuata bila kuvutwa, mnarudi. Jioni shika mguu uone kama umepata moto au umevimba kuliko asubuhi, na angalia na mguu wa kulia pia, huo ndo umebeba uzito wote muda wote huu, wengine wanaponya mguu mmoja kwato ya pili inaharibika. Kama umevimba kesho yake apumzike, kama uko sawa ongeza kidogo kidogo kila wiki. Asikimbizwe, na watoto wasimpande. Na kwato zote nne mwambie daktari azipunguze hukohuko Jumamosi, mnyama aliyesimama tu hazisagi, zinarefuka zinampotosha mwendo. Daktari akishaikata tuma picha kabla hajafunga niione.