Jeni za keratini za mbwa na farasi: je, orodha ya binadamu inatosha?

Mwanafunzi wa Ngozi:
Ndugu wanajukwaa, ninatafuta jeni za keratini (protini ngumu zinazojenga nywele, kucha, kwato na ngozi) za mbwa na za farasi kwa kulinganisha jenomu zao, yaani DNA yao yote, na jeni 54 za keratini za binadamu, moja baada ya nyingine. Nyingi zimelingana mara moja, lakini kuna moja ya farasi ambayo programu ya kompyuta inayotambua jeni imeiita tu "inayofanana na keratini" bila kuipa namba, na kuna mahali ninaposhuku kwamba jeni mbili zimeunganishwa zikawa moja. Nianzie wapi ili nisiipe jeni jina lisilo lake?

Msomaji wa Jenomu:
Anza na mahali ilipo, ndipo uangalie mfanano. Keratini zimegawanyika katika aina mbili. Jeni za aina ya kwanza zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 9 ya mbwa na ya 11 ya farasi. Za aina ya pili ziko kwenye ya 27 ya mbwa na ya 6 ya farasi. Mpangilio wa majirani umehifadhiwa vizuri sana kati ya wanyama hawa na binadamu, kwa hiyo jeni isiyo na jina hutambulika kwa walio kushoto na kulia kwake. Uwe mwangalifu na KRT18 (KRT na namba ndilo jina la kila jeni ya keratini), ambayo ni ya aina ya kwanza ingawa inakaa na KRT8 upande wa aina ya pili. Usiiondoe ukidhani imepotea njia. Kisha hesabu eksoni, yaani vipande vya jeni vinavyobaki katika RNA iliyokamilika, ambazo kwa kawaida ni 8 kwa aina ya kwanza na 9 kwa aina ya pili. Zikikaribia maradufu, basi programu imewaunganisha majirani wawili.

Daktari wa Farasi:
Naomba niongeze jambo ambalo limenigusa kwa miaka mingi ya kutibu kwato. KRT42 kwa binadamu ni jeni mfu: mfuatano upo, lakini hautoi protini. Kwa panya ilipatikana kwenye kucha, na kwa farasi protini yake ni miongoni mwa keratini zilizo nyingi zaidi katika vile vikunjo vyembamba vinavyoushikilia ukwato kwenye mfupa, ambavyo vikiachia katika ugonjwa wa kuvimba kwato, mnyama anaweza kushindwa hata kusimama. Anayefuata orodha ya binadamu peke yake ataipita jeni hiyo. Pima RNA (nakala ya jeni inayoonyesha kwamba inafanya kazi) ya ukwato wa farasi na ya wayo wa mbwa, kwa maana ngozi ya mgongoni haitakuonyesha kila kitu.

Msomaji wa Jenomu:
Ni kweli, na namba ikikosewa, madhara huwafikia wanaotafuta chanzo cha tabia au maradhi. Manyoya yaliyojisokota ya mbwa yanahusishwa na KRT71, na ya farasi na KRT25. Nyayo zinazokuwa ngumu na kupasuka za Dogue de Bordeaux zinatokana na KRT16.

Mwanafunzi wa Ngozi:
Nawashukuru sana. Nimerudi kwenye kromosomu ya 11 ya farasi: ile isiyo na namba iko jirani na KRT17 na ina eksoni 8. Nimeiandika KRT42 kwa muda, hadi RNA ya ukwato itakapothibitisha.