Gitaa la solo: kuchomeka moja kwa moja au kuweka maiki mbele ya ampu?

MpigaSolo
Wakuu, habari za jioni. Mwezi huu tunarekodi nyimbo za kwaya yetu, magitaa mawili na besi. Studio ni chumba cha nyumba hapa Nkuhungu, bati juu, dari hakuna. Tuna kadi ya sauti ya matundu mawili, maiki moja ya Shure SM57 na ampu ya wati 15. Prodyuza anataka nichomeke gitaa moja kwa moja kwenye kadi, bila ampu. Mimi naona gitaa lisilopita kwenye spika linakosa uhai. Mtindo wetu ni wa dansi, solo na ridhimu zinajibizana, sauti safi. Naombeni ushauri.

FundiAreaC
Mkuu, kwa sauti safi mimi nasema chomeka bila kusita. Kwenye dansi kila nota inatakiwa isikike imekatika vizuri, na ampu ya kisasa inayosifiwa kwa usafi, Roland JC-120 iliyotoka 1975, inapendwa kwa sababu inakuza gitaa bila kulichafua. Kwa hiyo njia ya moja kwa moja hailinyimi gitaa lako kitu kikubwa.

Ila angalia tundu. Pikapu (sumaku za gitaa zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) za kawaida hazina betri, mawimbi yake ni dhaifu, zinahitaji tundu lenye ukinzani wa megaomu 1 hivi. Kwenye kadi yako kuna kitufe kimeandikwa INST au Hi-Z, kibonyeze. Usipokibonyeza, nyuzi nyembamba zinapoteza mng'aro, halafu watu wanalaumu njia nzima.

Ukitaka sauti ya kukwaruza (distortion), hapo mambo ni mengine. Spika ya gitaa inaanza kufifisha sauti za juu kuanzia kHz 5 hivi. Bila programu ya kuiga spika, gitaa lenye mkwaruzo linalia kama nyuki waliochokozwa. Tumia Neural Amp Modeler, programu ya bure ya kuiga ampu, na uweke faili la kuiga spika (IR) baada yake.

Ridhimu_Kondoa
Fundi, hapo kwenye uhai hujamjibu. Mkono wa mpigaji unafuata kile anachosikia. Ampu ikiwa chumbani, anajua abonyeze wapi na aachie wapi. Akiwa na hedifoni tu, wengi wanakaza mkono. Solo ikishapigwa kwa mkono mkavu hakuna programu ya kuirudisha.

Na maiki si kuitegesha tu. Mulika tochi kwenye kitambaa cha ampu mpaka uone pale katikati ya koni ya spika. Weka SM57 sentimita 2 au 3 kutoka kitambaani. Katikati kabisa sauti ni kali. Isogeze vidole viwili kuelekea pembeni, inalainika na kunenepa. Mwenzako apige huku wewe ukisogeza na kusikiliza. Ampu usiiweke sakafuni, ipandishe kwenye kiti, besi ya sakafu inaleta uzito usiouhitaji.

DadaMixa
Kaka zangu, mmeisahau bati. Hapa Dodoma jua likipanda, bati linapanuka na kugonga, upepo nao unalitikisa. Mvua ikinyesha ndiyo basi. SM57 ikiwa karibu na ampu yenye sauti inavumilia mengi, lakini mwisho wa nota, pale panapofifia, kila kitu kinasikika.

MpigaSolo, una matundu mawili, yatumie yote. Tafuta kisanduku cha DI, cha kugawa mawimbi ya gitaa: gitaa linaingia, waya mmoja unaenda kwenye kadi, mwingine kwenye ampu, na maiki inachukua tundu la pili. Ukisikia mngurumo wa umeme, bonyeza kitufe cha kutenganisha eathi kwenye kisanduku. Wakati wa kuchanganya, geuza fezi (mwelekeo wa mawimbi) ya njia moja usikilize: ile inayotoa sauti nene ndiyo sahihi. Maiki ikisogea sentimita 34 kutoka kwenye spika, sauti yake inachelewa kama milisekunde 1 na kuanza kufutana na ile ya moja kwa moja.

MpigaSolo
Asante dada. Nikichomeka na programu, nota inakuja nyuma ya mkono wangu. Tatizo nini?

FundiAreaC
Ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuichakata. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 inakula milisekunde 23, na hiyo ni upande mmoja tu. Shusha hadi 128, inabaki kama 3. Ukimaliza kurekodi, ipandishe tena, kompyuta ipumue.

Ridhimu_Kondoa
Basi ridhimu chomeka, nakubali. Solo ya seben (sehemu ya kuchezea, gitaa linapotawala) naomba irekodiwe kwa ampu na njia ya DI kwa pamoja, kisha msikilize zote mbili kwenye spika za kawaida, si hedifoni.

DadaMixa
Na nyuzi mbadilishe siku moja kabla, mzivute mpaka zitulie. Nyuzi mpya kabisa zinashuka tuni katikati ya wimbo.