Shule zilipofungwa 2020, wewe au mwanao mlirudi darasani mkiwa wapi? Tupeane uzoefu

Mleta uzi

Wakuu, kila ukizuka mjadala wa Korona na elimu hapa Tanzania, mtu analeta asilimia: ufaulu wa darasa la saba ulipanda 2020, wa kidato cha nne nao ukapanda, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Mimi nilikuwa kidato cha sita mwaka ule, nikisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na kilichoharibika nakijua. Ningependa kusikia ya wengine, yawe machungu au matamu.

Naanza na yangu. Jumanne ya Machi 17, Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza shule zifungwe siku 30. Tukaambiwa magodoro tuyaache bwenini, mwezi si mwingi. Mtihani wa taifa wa kidato cha sita ulikuwa uanze Mei 4. Siku 30 zikaisha, Mei 4 ikanikuta nyumbani.

Nadharia haikunisumbua, madaftari na pasti pepa nilikuwa nazo. Kilichonishinda ni vitendo, yaani kazi za maabara. Nilichora bureti, ule mrija wa maabara wenye vipimo na koki ya kudondoshea kimiminika, kwenye karatasi ya manila, nikawa namwambia mdogo wangu aweke alama ya kalamu popote anapotaka, nami nisome kipimo hadi desimali mbili. Kusoma kipimo nikawa hodari. Lakini mkono wa kufungulia koki tone kwa tone ulilala miezi miwili na nusu, na huo haufundishwi na karatasi.

Tulirudi Juni 1, mtihani ukaanza Juni 29. Wiki nne. Maabara ni moja na tunaingia kwa zamu ili tusibanane. Zamu za kemia nilipata tatu tu. Siku ya pepa yenyewe nilipitiliza mara mbili. Koki unatakiwa uifunge rangi inapoanza tu kugeuka; unaitazama, tone la ziada limeshadondoka. Matokeo yalipotoka Agosti, kemia nilikuwa na D, na udaktari niliokuwa nautaka tangu utotoni ukaishia pale. Kwenye hesabu za taifa nimo, tena upande wa waliofaulu.

Mwalimu wa Kijijini

Pole sana ndugu. Nilikuwa na darasa la saba mwaka ule. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, na nashukuru vilikuwepo, ila kwa watoto wangu wengi redio ya nyumbani ilikuwa ya babu, na betri zake zilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari.

Nikawa naandika maswali kwa mkono. Daftari moja lilizunguka nyumba sita, kila mtoto anajibu na kuweka herufi ya jina lake pembeni, kisha anampelekea mwenzake. Lilikuwa linanirudia na matope, kurasa zimekunjamana, lakini majibu yamo. Nilikuwa nasahihisha usiku na asubuhi linaondoka tena.

Tulipofungua Juni 29, watoto waliokuwa wanagawanya kwa njia ndefu mwezi Machi hawakukumbuka tarakimu inashushwa wapi. Ilibidi nirudi nyuma madarasa mawili. Mtihani ulisogezwa hadi Oktoba 7 na 8, tukafundisha alfajiri na jioni, na kweli walifanya vizuri. Kitaifa ufaulu ulikuwa asilimia 82.68, kutoka 81.50 mwaka 2019. Sipingi namba hizo, jasho letu limo humo. Ila asilimia ile hugawanywa kwa waliofanya mtihani. Nilikuwa na wavulana wawili walioondoka na mifugo kipindi cha kufungwa. Hao hawahesabiwi juu ya mstari wala chini yake.

Mtoto wa Hesabu

Mimi yangu ni tofauti, naomba mnielewe. Nilikuwa kidato cha nne, na kufungwa kule kulinifaa. Vyuo navyo vilifungwa, kaka yangu akarudi nyumbani, akanifundisha hesabu kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne. Darasani tulikuwa zaidi ya 70 na sikuwahi kunyoosha mkono hata mara moja. Kaka alianza na hesabu za sehemu, zile za darasa la tano, wala hakunicheka. Mtihani ulipoanza Novemba 23 nilikuwa mtu mwingine. Kutoka F nikapata C.

Lakini niliyekuwa nakaa naye dawati moja, tuliyekuwa tunalingana kila jaribio, miezi ile mitatu alikuwa gengeni anamsaidia mama yake tangu alfajiri. Yeye aliambulia ziro. Huwa namfikiria sana.

Mama K

Nimesoma hadi hapa, nikaona na mimi niseme. Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Mimi kazini kutwa, yeye nyumbani peke yake, na aliyemharibia alikuwa mtu mzima tuliyemwamini. Shule zilipofunguliwa alikwenda wiki chache, kisha ikajulikana. Wakati ule mwenye mimba hakuwa na njia ya kurudi kwenye shule ya kawaida. Sare yake niliifua, nikaipiga pasi, nikaiweka sandukuni. Sikuweza kuigawa.

Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu wa wakati ule, Ndalichako, alipotangaza kwamba waliojifungua wanaruhusiwa kurudi, nilikuwa najaza maji. Nilikaa chini. Januari tukaenda shuleni, tukaambiwa mwongozo haujafika. Tukarudi mara tatu ndipo akapokelewa, kidato cha pili kilekile, na watoto aliowazidi umri. Wengine walimwita mama. Mchana alikuwa anajifungia chooni kukamua maziwa. Alimaliza kidato cha nne 2024, akapata divisheni three. Kwa rika lake amechelewa miaka miwili, na mwanangu huyo sijawahi kuona anayemzidi ushupavu.

Mleta uzi

Mama, shikamoo. Mfikishie salamu zetu, mwambie divisheni three yake tumeisoma na tumesimama. Sare ile ilimtosha?

Mwalimu, na wale wavulana wawili?

Mama K

Marahaba mwanangu. Sketi tulifumua pindo.

Mwalimu wa Kijijini

Mmoja sijui aliko. Mwingine nilikutana naye mnadani mwaka jana. Aliniamkia kwa mbali, akaja akanishika mkono kwa mikono miwili, tayari ana mke na mtoto. Bei za ng'ombe anazijumlisha kichwani kuliko mimi. Tulipokuwa tunaagana akaniuliza kama lile daftari bado ninalo. Ninalo. Nilipofika nyumbani nililifungua. Herufi yake inaonekana hadi ukurasa wa 19, kwenye swali la kugawanya ambalo hakulimaliza.