Land Cruiser pikapu ya 1HZ: kuifungia turbo, kuibadilisha injini, au kuiacha kama ilivyotoka kiwandani?

Mbeba Viazi, Njombe (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Ninamiliki Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), ambayo tangu niinunue haijawahi kufunguliwa hedi (sehemu ya juu ya injini yenye valvu). Kazi yake ni kushusha viazi kutoka Makete hadi Njombe mjini, na mara nyingine hadi Makambako, kwa kawaida ikiwa na mzigo wa tani moja. Kwenye tambarare hainisumbui, lakini mlima ukianza tu inalegea hadi gia ya tatu, kisha ya pili, na malori ya mbao yananifikia kwa nyuma. Ninataka mwendo. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu: wa kwanza anasema nifunge turbo juu ya injini hii hii, wa pili anasema nitafute 1HD-T ambayo ilitoka na turbo kiwandani, na wa tatu anasema niiuze nichukue Hilux ya injini ya lita 2.8. Naomba waliokwisha kuzipita njia hizi wanilinganishie, hasa kwa upande wa uhai wa injini, maana gari hili ndilo linalosomesha watoto wangu.

Mwalimu wa Fizikia, Iringa

Ndugu, tufanye hesabu kwanza, kwa sababu neno "mwendo" lina maana mbili. Pikapu yako ina karibu tani mbili, na ukiipakia inafika tatu. Kuipandisha mwinuko wa asilimia 8 kwa kilomita 60 kwa saa kunahitaji takriban kilowati 39 za kupambana na mlima peke yake, na nyingine kama 11 za kushinda upepo na ukinzani wa matairi. Jumla ni kilowati 50 zinazotakiwa kufika barabarani. Injini ya 1HZ hufikia nguvu yake kubwa ya kuzungusha, Newton-mita 285, kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, ambayo ni sawa na kilowati 66. Hata hivyo, hizo ni takwimu za usawa wa bahari. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo huko kwenu, karibu na mita 2,000, zinabaki kama 52, na gia, shafti na difu zikishachukua sehemu yao, matairi yanapata kama 45. Pengo la hizo kilowati tano ndilo linalokushusha gia.

Turbo inaziba pengo hilo kwa njia ya moja kwa moja. Shinikizo la hewa kwenye usawa wa bahari ni PSI 14.7 (pauni kwa inchi ya mraba), ilhali Njombe ni kama 11.5. Turbo iliyowekwa PSI 7 tu inaifanya injini ipokee 18.5, yaani unarudishiwa hewa yote iliyochukuliwa na mwinuko, na unapewa nyongeza juu yake. Isipokuwa ujue kwamba kasi ya juu kabisa kwenye tambarare haitabadilika sana, kwa kuwa uwiano wa gia na difu ni ule ule, na pampu bado inakata dizeli injini inapofika mizunguko yake ya mwisho. Unachonunua ni mwendo wa mlimani.

Fundi Dizeli, Mbeya

Hesabu ya Mwalimu ni sahihi, nami nitaeleza upande wa chuma. Nimefunga turbo kwenye 1HZ kadhaa, na zile zilizodumu zote zilikuwa na wenye magari waliokubali kuwekewa mipaka. Toyota yenyewe haikuwahi kutoa 1HZ yenye turbo, na sababu unaiona ukiifungua. Mgandamizo wake, yaani kiasi inavyoibana hewa ndani ya silinda, ni 22.4 kwa 1, wakati 1HD-T, ambayo ni ndugu yake wa lita zile zile, ina 18.6 kwa 1. Pistoni za 1HD-T hupuliziwa oili kutoka chini ili zipoe, ilhali za 1HZ hazina huduma hiyo. Zaidi ya hayo, dizeli ya 1HZ huanza kuungua ndani ya vikombe vidogo vilivyomo kwenye hedi kabla ya kufika juu ya pistoni, kwa hiyo joto jingi linabaki kwenye hedi, na hapo ndipo nyufa huanzia, hasa kati ya valvu mbili za silinda moja.

Kwa hiyo masharti yangu ni haya, na asiyeyakubali simfungii. Shinikizo haliendi juu ya PSI 7 bila intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo). Geji ya joto la moshi inafungwa kwenye manifodi (bomba linalokusanya moshi wa silinda), kabla ya turbo, na dereva anaondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta sindano inapokaribia nyuzi 700 za Selsiasi, hata kama lori limemkaribia nyuma. Bomba la moshi linapanuliwa hadi inchi 3, kwa sababu turbo iliyobanwa nyuma huhifadhi joto. Bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo lazima literemke moja kwa moja hadi kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) bila kupinda kwenda juu, la sivyo oili itavuja kupitia sili na utamlaumu aliyekuuzia turbo bure. Oili inabadilishwa kila kilomita 5,000, na ukimaliza mlima mrefu unaiacha injini ingurume taratibu dakika mbili au tatu kabla ya kuizima.

Jambo ambalo wengi hawalielewi ni dizeli. Hewa ikiongezeka peke yake, joto la moshi linashuka. Dizeli ikiongezwa, nguvu inapanda na joto linapanda pamoja nayo. Pampu ya kawaida ya 1HZ haina kifaa cha kusoma shinikizo la turbo, kwa hiyo ukikaza skrubu ya dizeli, inaongeza hata pale turbo haijaamka, nawe unatoa moshi mweusi kila unapoondoka. Njia safi ni kutumia pampu yenye kifaa hicho, au kuongeza dizeli kidogo sana na kuridhika.

Dereva wa Mgodini, Geita

Mimi ni ushahidi wa alichosema Fundi. Gereji moja, ambayo sitaitaja, ilinifungia turbo iliyotumika, ikaongeza dizeli hadi gari likaanza kuruka, na geji ya joto haikuwekwa kwa sababu niliambiwa ni pambo. Kwa miezi minne niliyapita magari yote ya barabara ya Kahama na nilifurahi mno. Siku moja nikiwa na mzigo wa mabomba, kwenye mwinuko wa kawaida kabisa, nguvu ilikatika na moshi mweupe ukaanza kutoka. Tulipofungua, pistoni moja ilikuwa imeyeyuka ukingoni na hedi ilikuwa imepasuka kati ya valvu za silinda mbili. Geji ya maji ilikuwa katikati muda wote, na hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke, ndugu yangu: gari halikuchemsha hata mara moja. Joto la maji huchelewa kutoa habari, na pistoni haisubiri.

Mama Mbao, Mafinga

Mwanangu, nimefanya biashara ya mbao kwa 1HZ mbili, na sijafunga turbo kwenye hata moja. Kabla hujanunua chochote, jiulize kama hiyo injini inatoa nguvu iliyozaliwa nayo. Ya kwangu ya pili ilikuwa inalegea hivyo hivyo, nikaipeleka kwa fundi wa pampu na nozeli (vipulizia dizeli), akakuta nozeli tatu zinatiririsha badala ya kupuliza. Tapeti za kusukuma valvu zilikuwa zimebana, nazo zikabadilishwa shimu (visahani vya kurekebisha nafasi yake). Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi la msimu mzima. Kisha nikagundua kwamba aliyeniuzia alikuwa ameweka matairi mapana na marefu kwa ajili ya sura, niliporudisha 7.50R16 ilikuwa kama nimepunguza mzigo, kwa kuwa tairi refu linafanya kila gia iwe nzito zaidi. Mlima niliokuwa ninaupanda kwa gia ya pili sasa ninaupanda kwa ya tatu. Ni gia moja tu, lakini nimeipata bila kuigusa hedi.

Tena mnazungumza kupanda tu. Hiyo pikapu ina breki za dramu nyuma, na viazi vyako vinashuka mlima pia. Atakayeongeza nguvu aanze na breki.

Fundi Dizeli, Mbeya

Mama amesema kweli, na ningepaswa kuanza na hilo. Turbo juu ya nozeli zinazotiririsha ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kutoboa pistoni.

Mpwani, Tanga

Nitazungumzia njia ya pili kwa kuwa ndiyo niliyoifuata. 1HD-T ilikuja na Land Cruiser ya toleo la 80 (80 Series) mwaka 1990, na kwa kuwa ni ya familia moja na 1HZ, gia boksi inafunga bila kuchonga adapta. Inatoa Newton-mita 361 kwenye mizunguko 1,800, na dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo kwa mzigo ule ule mimi ninatumia mafuta kidogo kuliko nilivyotumia na 1HZ. Tofauti kubwa ni utulivu wa moyo: pistoni, hedi na mfumo wa oili vyote vilibuniwa vikijua kwamba turbo ipo.

Ila sitakuficha gharama. Mimi nililipa karibu mara tatu ya bei niliyokuwa nimetajiwa kwa kufunga turbo kwenye 1HZ. Injini hizi sasa ni za zamani, na matoleo ya mwanzo yana sifa mbaya ya metali za konrodi (beringi za mikono ya pistoni) kulika, kwa hiyo mimi nilizibadilisha injini ikiwa bado chini, kabla haijawashwa. Usikubali kuambiwa kwamba inanguruma vizuri na inatosha. Pia namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo nilikwenda TRA (Mamlaka ya Mapato) kurekebisha kumbukumbu na nikaijulisha kampuni ya bima kwa maandishi. Kwa turbo nayo, ijulishe bima.

Kuhusu Hilux ya 2.8, ni gari zuri, na lenye gia za otomatiki kuanzia 2020 hutoa Newton-mita 500. Lakini nozeli zake hufanya kazi kwa shinikizo kubwa sana na hazivumilii maji wala uchafu. Kama unajaza dizeli ya madumu huko vijijini, zingatia hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Mbeba Viazi, Njombe

Nawashukuru wote, na Mama nakushukuru kwa namna ya pekee. Hilux nimeiondoa kwenye hesabu, kwa sababu dizeli ya madumu ndiyo ninayotumia kwa nusu ya safari zangu. Wiki hii nimepima kompresheni (shinikizo ndani ya kila silinda). Silinda tano zimesoma kati ya PSI 380 na 395, na ya nne imesoma 300. Fundi wa hapa ameniambia injini yote imechoka, kwa kuwa alitarajia zaidi ya 500. Nimeshtuka.

Fundi Dizeli, Mbeya

Usishtuke kwa hizo tano. Kipimo cha zaidi ya 500 ni cha usawa wa bahari, na hewa yenu ni pungufu kwa karibu asilimia 20, kwa hiyo 380 hadi 395 huko Njombe ni injini yenye afya ya kutosha. Tatizo ni ya nne. Tofauti kati ya silinda na silinda haipaswi kuzidi PSI 70, na yako imefika 95. Mwambie amimine oili kidogo kwenye hiyo silinda kisha apime tena: ikipanda, ni ringi za pistoni, isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

Mbeba Viazi, Njombe

Haikupanda. Hedi inafunguliwa Jumatatu, na nozeli zote sita zimekwisha kwenda kwa fundi wa pampu. Turbo nitaiamua nikishaiona hedi. Ikiwa nzima, nitafunga kwa PSI 7 pamoja na geji, na ikiwa imepasuka, nitaanza kutafuta 1HD-T.

Fundi Dizeli, Mbeya

Ni uamuzi ninaouunga mkono. Hedi ikishuka, isafishwe masizi yote kwanza, ipimwe ufa kwa dawa ya rangi kati ya valvu za kila silinda, si ya nne peke yake, na vikombe vitazamwe midomo kama vimeanza kupasuka. Kisha tuwekee picha hapa kabla hujalipia gasketi mpya.